Mtoto wa wiki 7 kutobolewa tumbo apitishie choo hapo: aliyepitia anieleze kabla ya Jumatatu

MamaMchanga

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Naandika kwa simu nikiwa wodini, mnisamehe makosa.

Mwanangu ni wa kiume, kifungua mimba, leo ametimiza wiki 7. Alizaliwa na kilo 3.1, hana kasoro ya kuonekana. Lakini kile choo cheusi cha kwanza hakikutoka siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu muuguzi alimtia kipimajoto nyuma kumpima homa, ndipo kikatoka kwa kishindo, kikaruka mpaka kwenye buibui langu. Tukacheka wote. Nikaona yamekwisha.

Tulipotoka hospitali akawa anakaa siku nne, siku tano, hajaenda haja. Tumbo likavimba likawa gumu, mishipa yaonekana, ukiligonga linalia kama ngoma. Zahanati nimekwenda mara tatu. Mara zote nilipewa dawa ya gesi nikaambiwa mtoto anayenyonya aweza kukaa hata wiki bila choo. Mavyaa, mamake mume wangu, akasema ni mchango wa tumbo, akaleta mizizi ya kuchemsha, akawa anamkanda kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Sikumkatalia. Mume wangu yuko Qatar, nyumba ni ya mavyaa, na mimi nina miaka 22.

Ijumaa iliyopita usiku mtoto alitapika kijani. Si maziwa, ni kijani kama maji ya mchicha. Shemeji akatuvusha feri saa saba usiku tukaja hospitali ya Makadara, Mombasa. Ametiwa mpira wa puani na dripu, akapigwa picha ya ile dawa nyeupe wanayoipitishia nyuma, na wakakata kinyama kidogo kukipima. Jibu limekuja jana. Daktari ameniandikia jina kwenye karatasi: Hirschsprung.

Ameniambia ni operesheni tatu. Ya kwanza, atobolewe tumboni, choo kiwe kinatokea hapo. Ya pili, akishapata uzito, ule utumbo mbovu ukatwe na ule mzima uvutwe hadi chini. Ya tatu, hilo tundu lifungwe. Nimeelewa maneno, sijayaelewa kichwani.

Sasa shida ni hii. Tangu tufike wanamwosha tumbo kila siku kwa mpira na maji ya chumvi, tumbo limenywea, ananyonya, anacheka. Mavyaa amekuja jana akamtazama akasema, "Si huyu amepona? Twendeni zetu nyumbani, musinitobolee mjukuu." Na mimi, nikwambieni kweli, moyo wangu unataka kumsikiliza.

Nimepewa hadi Jumatatu nitie saini. Aliyepitia hili anieleze: tundu lenyewe likoje? Nitamwoshaje? Atalia siku nzima? Nitamficha vipi na macho ya watu hapa mtaani? Na je, saini yangu yatosha au lazima babake aje?

ShangaziWaKisauni

Pole sana mwanangu, Mwenyezi Mungu amshushie shifaa. Mimi si daktari lakini nimelea wanane. Mchango upo, usiudharau, na mavyaa ana uchungu na mjukuu wake, msimkosee heshima. Lakini hayo matapishi ya kijani hata zamani tulikuwa tukiyaogopa. Soma dua, na wala usitoke hapo hospitali ati kwa sababu tumbo limenywea.

SistaTudor

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka kadhaa. Mwanao sijamwona, kwa hiyo daktari wenu ndiye mwenye neno, ila hili la "amepona" siwezi kulipita kimya.

Utumbo husukuma choo kwa kujibana na kujiachia. Anayeuamuru ni seli za neva zilizo ndani ya ukuta wake. Seli hizo huanzia juu, upande wa koo, mimba ikiwa ya wiki tano hivi, kisha hushuka polepole mpaka zifike mwisho wa utumbo karibu na wiki ya 12. Kwa mwanao zilikomea njiani. Kile kipande cha chini kisicho na neva kimejibana wala hakijui kujiachia, na choo kinarundikana juu yake. Ndiyo maana kipimajoto kilipoingia kikafungua njia, choo kikaruka. Hutokea kwa takriban mtoto 1 katika 5,000, wavulana wakiwa karibu mara nne ya wasichana. Jina ni la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Hukula kitu kibaya ukiwa na mimba wala hukufanya kosa. Hayo najua utajiuliza usiku.

Ule mpira na maji ya chumvi unatoa kilichorundikana, basi. Neva haziji kwa kuoshwa. Ukitoka leo, tumbo litarudi vilevile, na hatari kubwa ni utumbo kushika uambukizo: tumbo kuvimba ghafla, homa, choo cha maji chenye harufu kali kinachoruka. Hilo huua watoto, tena haraka. Shangazi, mizizi ile na mpira ule wa puani haviendi pamoja, tafadhali mwambieni nyanya asimnyweshe kitu.

Saini yako wewe mama yatosha. Mpigie babake umweleze, lakini usimngojee. Na kabla ya Jumatatu hakikisha mtoto amesajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, chini yako, nenda na karatasi ya kuzaliwa kwenye dawati lao hapohapo hospitali.

FundiKibokoni

Dadangu, nimesoma swali lako dukani nikaiacha kanzu ya mtu kwenye cherehani nikujibu. Itakuwa ndefu.

Mimi ni fundi wa nguo, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Kijana wangu alizaliwa Septemba 2019 na ugonjwa huohuo. Sasa yuko gredi ya kwanza na jana amerudishwa nyumbani na barua kwa kumpiga mwenziwe na chupa ya maji. Nakutangulizia hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Kwetu hakukuwa na mavyaa wa kusingizia. Neno mchango nililisema mimi mwenyewe, na fundi wa kombe, yule wa kuandika aya zikanywewa, nilimlipa mimi. Kwa hiyo simcheki mtu.

Alitobolewa Oktoba, hapahapa Mombasa, akiwa na wiki tano. Unavyosema "tundu", na mimi nilidhani ni tundu kama la kishikizo. Sivyo. Wanautoa utumbo wenyewe nje kidogo, wanaukunja ukingo kama unavyokunja pindo la mkono wa shati, wanaushona kwenye ngozi. Kinachoonekana ni kinyama chekundu, kimelowa, kama ndani ya shavu lako. Kukigusa hakumuumi, hapo hamna neva za maumivu. Ukikipangusa hutoa tone la damu, usipige mayowe kama nilivyopiga mimi wodi nzima ikageuka. Kikiwa cheusi, au rangi ya zambarau lililoiva, hapo piga mayowe na ukimbie.

Sasa mfuko. Mimi, fundi mwenye miaka kumi na minane kazini, nilikata tundu la mfuko kwa kukadiria! Nikakata pana. Choo kikakaa juu ya ngozi, na kwa siku mbili ngozi ikababuka, mtoto akawa analia kila tukimsogelea. Sista mmoja akaniuliza kazi yangu ni nini, nilipomjibu akanitazama tu. Basi wewe pima. Chukua karatasi ngumu, toboa matundu ya ukubwa mbalimbali, lijaribu moja moja. Tundu la mfuko lizidi kinyama kwa milimita 2 au 3 tu. Na usikate duara, mara nyingi kinyama kina umbo la yai. Kipimo hicho usikiandike ukutani ukakiamini: wiki sita hadi nane za kwanza kinyama hunywea, kwa hiyo upime upya kila wiki. Ngozi iwe kavu kabisa, bila mafuta wala poda, ama mfuko hautashika. Umwage ukifika thuluthi, ukijaa uzito wake huubandua wenyewe. Wakati wa kaskazi, jasho la Januari na Februari, mfuko ulioambiwa utakaa siku tatu utakaa moja.

Bei ya mfuko mmoja ilikuwa kama pesa ya kupunguza suruali mbili. Nikawa nahesabu hivyo: kila suruali mbili, mfuko.

Operesheni kubwa, ile ya kuvuta, tulipangiwa Aprili 2020 Nairobi. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa kwa korona, hakuna kuingia wala kutoka. Mei wakaufunga na Mji wa Kale peke yake, vizuizi kila njia, na ni Ramadhani. Mwezi ambao fundi wa kanzu hulala juu ya cherehani, mimi sikuwa na mteja hata mmoja wa Idi. Mifuko ikabaki minne, ikabaki miwili. Duka nililokuwa nikinunua likawa halina.

Usiku mmoja nikafungua kasha la mke wangu nikatoa leso. Nilishona tabaka nne, katikati kipande cha taulo kuukuu, na mshipi wa kufungia ubavuni. Wa kwanza niliutia lastiki, nikakosea, ikamwacha na alama kiunoni kama kamba ya mbuzi. Nikaitoa nikatia kamba za kitambaa. Kuzunguka kinyama twampaka ile dawa nyeupe ya zinki, nene kama siagi, kwa sababu hapo hakuna cha kubandika tena, kisha kitambaa juu, kikilowa unabadilisha. Nilishona vipande thelathini. Leso moja ilikuwa imeandikwa WEMA HAUOZI. Mkasi ukapita katikati, na siku hiyo mtoto akashinda tumboni ameandikwa HAUOZI, na harufu unaijua. Mke wangu alikuwa amenuna kwa sababu ile ni leso ya harusi yake. Alipoisoma akacheka mpaka akakaa chini.

Leso usitwae mpya. Mpya ina wanga wa kiwandani, hainyonyi, choo kinateleza juu kinashukia mgongoni. Twaa kuukuu.

Juu ya macho ya watu. Twaishi nyumba ya ghorofa ya zamani, ngazi moja, familia tano. Walijua wiki ya kwanza. Nilichoka kujieleza, nikawaita majirani wanawake waje wamtazame anavyooshwa, mara moja, wote kwa pamoja. Waliobaki kusema walisema, lakini watatu kati yao walijifunza kumbadilisha, na mmoja ndiye aliyenifulia vile vitambaa nilipokuwa na homa. Mke wangu hakupenda nilivyofanya. Mpaka leo hakupenda. Wewe tazama moyo wako.

Treni iliporudi Julai tukapanda Miritini, na Agosti akafanyiwa, ana miezi kumi na moja. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni njaa. Maziwa ya mama husimamishwa saa nne kabla ya nusu kaputi, chakula na maziwa mengine saa sita kabla. Yeye alikuwa wa saa mbili asubuhi, kwa hiyo titi la mwisho saa kumi alfajiri. Tangu saa kumi na mbili akawa analitafuta kifuani kwa mamake. Mwishowe mamake akatoka nje kabisa ili asimsikie harufu, mimi nikatembea naye ukumbini nikimhesabia vigae. Saa mbili wakamchukua. Wakatoka naye saa saba na robo. Katikati ya kazi wanakata vinyama vidogo na kuvipeleka maabara papo hapo ili wajue neva zinaanzia wapi, ndipo wakate na kuunganisha, na hilo lachukua muda. Mimi sikujua, nikadhani kuna lililoharibika. Nilikuwa nimevaa kanzu, na daktari alipotoka niligundua nimefumua pindo lote la chini kwa kucha, uzi mzima uko mkononi.

Mshono wake, mashallah. Ndani kwa ndani, kama pindo la kanzu lililoshonwa kwa mkono na mtu asiye na haraka. Nilimwambia daktari, akacheka, akasema hajawahi kusifiwa na fundi.

Iliyonishinda si operesheni. Wiki ya tatu baada yake walitupa vijiti vya chuma, vyembamba na vinene, vya kumtia nyuma kupanua pale paliposhonwa pasije pakajikaza. Kila siku, kwa miezi, unapanda kijiti kimoja baada ya kingine. Mke wangu alijaribu mara moja akatapika. Basi nikawa mimi. Mtoto wangu wa mwaka mmoja akawa akinisikia naingia mlangoni anashika mguu wa mamake. Kaa nalo hilo, kwa sababu wewe babake yuko Qatar. Tafuta leo nani atashika kijiti, nani atamshika miguu. Mtu wa kuimba huku mnafanya pia ni kazi, sisi alikuwa dadake wa miaka saba.

Na Februari 2021, tundu limeshafungwa tangu Novemba, sote twasema yamepita, tumbo likavimba tena, homa, choo kikawa maji ya harufu ambayo sijapata kuisikia. Jirani akasema ni meno. Nusura nimwamini! Ni ule uambukizo aliousema Sista hapo juu, huweza kurudi hata baada ya operesheni. Tulilazwa siku sita, dawa za mshipani na kuoshwa tumbo. Sasa nina karatasi imebandikwa mlangoni: TUMBO + HOMA = HOSPITALI, USIULIZE MTU.

Tia saini, dadangu. Hiyo ndiyo rai yangu.

MamaMchanga

Fundi, Mungu akubariki. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mavyaa kwa sauti. Pale pa HAUOZI amecheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Hajasema kitu mpaka sasa.

Nauliza tena. Anaweza kulala kifudifudi? Naweza kumbeba na leso? Kuoga je, kile kinyama kikiingia maji? Na je, kinyama huweza kutoka zaidi? Kuna mama hapa wodini, cha mtoto wake kinatoka kama kidole akilia, mimi nimeogopa sana kukiona.

FundiKibokoni

Kuoga, wamwogesha kama mtoto yeyote, beseni na maji ya uvuguvugu, mfuko ukiwepo au usiwepo. Maji hayaingii, choo ndicho hutoka, kwa hivyo usishangae akachafua maji ukiwa ndiyo kwanza umemsuuza. Sisi twamwogesha kabla ya kunyonya, wakati huo huwa hana haraka.

Kulala kifudifudi usimlaze, na si kwa sababu ya tumbo tu, mtoto mchanga hulazwa chali. Mchana akiwa macho nawe uko naye alilalia tumbo sana wangu, hakujali. Kumbeba mgongoni tulingoja mpaka kidonda kipone, na baada ya hapo mamake alimbeba upande, kiunoni, ule usio na mfuko. Muulize daktari wako lini.

Hilo la kidole namwachia Sista.

SistaTudor

Utumbo kuchomoza mtoto akilia ni jambo la kawaida kwa watoto wenye kolostomi, yaani tundu hilo la tumboni, na mara nyingi akitulia hurudi wenyewe. Ukibaki nje haurudi, au ukabadilika rangi, au choo kikasimama na akaanza kutapika, njooni hospitali wakati huohuo, msisukume wenyewe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali njiani.

Na jambo la pili kwa wote wanaosoma: kuosha tumbo kwa mpira hufanywa kwa maji ya chumvi ya hospitali, wala si maji matupu ya mfereji na sabuni kama nilivyowahi kuona. Maji matupu hunywewa na utumbo, yakaharibu chumvi ya damu ya mtoto. Ukiambiwa ufanye nyumbani, muuguzi akuonyeshe, kisha wewe ufanye mbele yake.

MamaWaBinti_Changamwe

Niwe tofauti kidogo. Binti yangu alikuwa na Hirschsprung na hakutobolewa tumbo kabisa. Alifanyiwa operesheni moja, akiwa na miezi mitatu, wakafanya yote kupitia nyuma, hana hata kovu. Kwa hiyo mimi nasema muulize daktari kwa nini tatu. Tusiwe watu wa kuambiwa tu na kuitikia. Nilimwosha tumbo nyumbani kila siku kwa wiki saba kabla ya hapo, na ilikuwa kazi, lakini mifuko siijui.

FundiKibokoni

Mama Binti, nakuonea wivu wa wazi. Vitambaa thelathini!

SistaTudor

Aulize, ni haki yake, na daktari mzuri hatachukia. Njia ya mara moja hufaa mtoto akiwa na hali nzuri, utumbo haujatanuka sana, kipande kibovu ni kifupi, na nyumbani kuna wa kumwosha kila siku bila kukosa. Aliyekuja ametapika kijani na tumbo limekaa wiki saba limevimba, utumbo wa juu huwa umetanuka mno, hauunganiki vizuri na ule wa chini. Kolostomi huupa nafasi ya kurudi ukubwa wake, na mtoto hunenepa. Hayo ni kwa jumla, picha ya mwanao ameiona daktari wake, sisi hatujaiona.

MamaMchanga

Nimeuliza leo asubuhi alipopita. Amenionyesha picha yenyewe. Pale chini pamebana kama shingo ya chupa, juu yake pamefura, ananiambia upana huo na upana huu siwezi kuvishona pamoja. Mimi si fundi lakini hata mimi nimeona. Nimempigia babake, amelia, nikamwambia asilie kwa simu kwani pesa zaisha.

ShangaziWaKisauni

Mashallah, mama wa miaka 22. Mavyaa je?

MamaMchanga

Jumatano usiku. Nilitia saini Jumatatu, jana amefanyiwa, muda haukuwa mrefu kama wa mwana wa Fundi, saa moja na nusu hivi. Leo mchana kinyama kimeanza kufanya kazi. Ni chekundu kweli, kama ndani ya shavu. Kilitoa damu nikimpangusa na sikupiga mayowe, ila nilishika kitanda. Nimepewa mifuko miwili ya kuanzia. Nimekata karatasi, si duara, ni yai kama ulivyosema, kirefu chake milimita 29. Sista wa wodi ameniuliza nani kanifundisha, nikamwambia fundi wa kanzu.

Mavyaa hakuja Jumatatu wala jana. Nikajua amekasirika. Leo saa kumi ameingia na mfuko wa Marikiti, hajasema salamu, akautoa juu ya kitanda: leso doti mbili, mpya, bado zimeshikana, na mkasi wake. Ameketi, anauliza nikate kubwa kiasi gani.

Nimemwambia mama, hizi mpya hazinyonyi, mpaka zifuliwe kwanza mara tatu.

Akaniuliza nani amesema. Nikamwambia yule wa HAUOZI. Amezikunja tena, amekwenda nazo kuzifua.

FundiKibokoni

Maji ya moto, na asitie sabuni ya kunukia. Mwambie asikate ukingo wenye pindo, huo autunze wa kamba.